Jiko la Kopo: Moto wa Spiriti kwa Msafiri wa Miguu

Anayetembea kwa miguu siku tatu katika milima ya Usambara au Uluguru hubeba mgongoni chakula, maji, hema na kitu cha kupikia. Hapo kwenye kitu cha kupikia ndipo wengi wanapoumia. Jiko la gesi la kambini linahitaji mtungi wake maalumu. Ule wenye gesi ya gramu 230 hukaribia gramu 400 ukiwa umejaa, na ukishaondoka kwenye maduka machache ya miji mikubwa huupati tena. Jiko la mchina ni zito, na mafuta ya taa yakivuja ndani ya begi, unga na nguo vitanuka mpaka safari iishe. Kuni nazo tuziache. Msitu wa mlimani haukui kwa haraka, na katika hifadhi nyingi kuokota kuni ni kosa.

Linalobaki ni jiko la spiriti, unalolitengeneza mwenyewe kwa kopo tupu. Lina uzito wa gramu 30 hivi. Halina pampu, halina mpira wa kukatika, halipigi kelele, na moto wake hauachi masizi kwenye sufuria. Wazee waliowasha karabai au primasi wanaijua kazi ya spiriti: ilimiminwa kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, ikawashwa, na moto wake wa buluu ndio uliopasha bomba mpaka mafuta ya taa yakageuka mvuke. Jiko la kopo ni kile kisahani kilichopewa kazi ya kupika.

Nchini Sweden kampuni ya Trangia, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilijipatia jina kwa majiko ya spiriti ya shaba, na seti yake yenye kikinga upepo ilitoka mwaka 1951. Marekani, watu wanaotembea njia ya Appalachian, takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, waliona hata shaba ni nzito, wakaanza kutoboa makopo ya soda na ya chakula cha paka. Jiko nitakalokuonyesha ni la ukoo huo, ila kopo lake ni la jodari, au tuna kama lilivyoandikwa dukani, kwa kuwa hilo linapatikana kila supamaketi ya Afrika Mashariki.

Kabla hujashika nyundo, elewa jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Jiko hili halina swichi. Huwezi kupunguza moto, wala huwezi kuongeza. Ukishaliwasha litawaka mpaka spiriti iishe au ulifunike. Kwa hiyo kila uamuzi unafanywa kabla ya kiberiti: spiriti kiasi gani, sufuria ipi, upepo unatoka wapi, unapika nini. Aliyezoea hivyo hufurahia jiko hili miaka mingi. Asiyezoea hulitupa baada ya safari ya kwanza, akisema halichemshi.

Spiriti ya kununua

Unayoitaka ni spiriti ya kuwasha, ile yenye rangi ya zambarau au buluu inayouzwa kwenye maduka ya rangi na vifaa vya ujenzi, ambako mafundi seremala huinunua kwa ajili ya vanishi. Mara nyingi huwa na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya duka la dawa nayo huwaka, lakini nyingi ni asilimia 70, yaani karibu theluthi ya unachokibeba ni maji. Ethanoli ya kupikia, palipo na wauzaji wake, ni nzuri sana.

Usiamini lebo, ipime. Mimina mililita 10 kwenye kifuniko cha kopo, nje ya nyumba, washa, uache iishe yenyewe. Spiriti nzuri itaacha unyevu kidogo tu. Ukikuta kijiko kizima cha maji chini, umeuziwa maji. Jaribio hili hugharimu dakika chache na huokoa chakula cha jioni.

Yapo mengine ya kukwepa. Alkoholi iitwayo isopropili hutoa moto wa njano na masizi mengi. Jeli ya kusafishia mikono huwaka kwa shida na kuacha utandu. Konyagi ni asilimia 35, nayo haitachemsha hata kikombe cha chai. Methanoli tupu huwaka vizuri lakini ni sumu kali inayopita hata kwenye ngozi. Mwaka 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Spiriti ya kuwasha nayo hutiwa sumu makusudi ili isinywewe, kwa hiyo isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Tafuta chupa ya plastiki ngumu yenye umbo tofauti na kifuniko kinachobana, izungushie utepe mwekundu wa gundi, na uandike SUMU pande zote mbili. Usiku ndani ya hema, mkono wenye kiu hushika chupa yoyote.

Kwa kupimia, hakuna kifaa bora kuliko kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto. Kina mistari ya mililita 5, 10 na 15, na hakina uzito.

Kutoboa kopo

Chukua kopo la jodari la duara, lenye upana wa sentimita 8 hivi na kimo cha sentimita 3 na nusu au 4. Kula samaki, kisha lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka vidole visiteleze. Mafuta yakibaki yatafuka moshi. Kingo za ndani zilizoachwa na kifuniko hukata kama wembe, kwa hiyo zipige msasa au zibonyeze kwa plaisi.

Sasa weka alama. Kata ukanda wa karatasi unaozunguka kopo mara moja barabara. Ukunje katikati, kisha tena katikati, mpaka umeukunja mara nne. Ukiukunjua utakuwa na mikunjo inayogawa mzunguko sehemu 16 zilizo sawa, bila rula wala hesabu. Uzungushie kopo, na kwenye kila mkunjo weka nukta kwa kalamu, milimita 8 chini ya ukingo. Hiyo ni safu ya juu. Safu ya pili iwe milimita 16 chini ya ukingo, na nukta zake zikae katikati ya zile za juu, zikipishana.

Kopo la jodari ni la chuma, nalo likipigwa msumari bila kitu ndani hubonyea. Jaza maji, uliweke kwenye friza mpaka barafu iwe ngumu kabisa, kisha lilaze juu ya tambara lililokunjwa na utoboe. Barafu hushikilia ukuta na tundu hutoka safi. Ikianza kuyeyuka, rudisha friza. Usiye na friza tafuta kipande cha mti wa duara kinachoingia kopo kwa kubana. Anza na msumari mwembamba kwenye nukta zote, ndipo upanue kila tundu kwa msumari mnene au bisibisi ya duara mpaka lifike milimita 5 au 6. Upana huu ni muhimu. Matundu yakiwa madogo, siku utakapoweka sufuria juu, moto utakosa hewa na kuzimika. Ndani ya kila tundu kutakuwa na meno ya chuma. Yalaze kwa kitako cha kijiko.

Mara ya kwanza liwashe tupu, nje, bila sufuria, ukitumia mililita 10. Rangi na utandu wa ndani vitaungua kwa harufu mbaya. Hiyo usiipikie.

Kama unasafiri peke yako na chombo chako ni kikombe chembamba cha bati, kopo la jodari ni pana mno: moto utapanda pembeni mwa kikombe na joto lote litaenda angani. Tumia kopo la nyanya la gramu 70, kwa kazi ile ile, matundu 12 kila safu. Eneo la spiriti inayowaka ni dogo, hivyo moto ni mpole na wa kubana matumizi. Kwa upande wa sufuria sisi tuna bahati. Sufuria nyepesi ya alumini isiyo na mikono, ya upana wa sentimita 16 na kifuniko chake, ambayo sokoni haina hata heshima, ni chombo ambacho wapanda milima wa Ulaya hununua kwa bei kubwa. Iwe pana kuliko jiko mara mbili hivi.

Kuwasha

Weka jiko juu ya jiwe bapa au kipande cha bati, mahali palipo sawa. Mimina spiriti kwa kipimo, funga chupa, isogeze mbali hatua tatu, ndipo uwashe kiberiti. Fuata mpangilio huo kila siku, hata ukiwa na usingizi.

Mchana hutaona moto. Moto wa spiriti ni wa buluu hafifu, na penye jua hupotea kabisa. Usiweke kidole kuhakikisha. Pitisha jani kavu juu yake uone kama linaungua. Kwa nusu dakika ya kwanza spiriti inawaka juu tu, kwa uvivu. Kisha utaona vipovu vidogo chini ya kopo: imeanza kuchemka, nayo huchemka kwenye nyuzi 78 tu. Sasa weka sufuria juu ya kopo lenyewe, kwa uangalifu, katikati. Mdomo wa kopo unazibwa, mvuke unalazimika kutokea matunduni, na mara ndimi za moto zinatoka pembeni pande zote na kulamba kitako cha sufuria. Ukiweka sufuria kabla ya vipovu, moto utakufa mkononi mwako. Hapo subiri, usiwashe tena kwa haraka.

Nusu lita ya maji ya nyuzi 20 huhitaji takriban kilojuli 167 kufika kuchemka. Mililita 15 za ethanoli zina kama kilojuli 317. Kwa hiyo hata jiko zuri, linalopeleka nusu ya joto lake sufuriani, hutumia mililita 15 hadi 20, na kazi huchukua dakika 7 hadi 10. Panga kwa mililita 20 penye utulivu na 25 mlimani. Mtu mmoja anayechemsha lita moja na nusu kwa siku atahitaji mililita 75 za akiba ya uhakika, na kwa siku tatu chupa ya mililita 225, chini ya gramu 200. Kilo moja ya ethanoli ina nishati ya megajuli 27 hivi; gesi ina 46. Ndiyo maana kwa safari ya wiki nzima, au kundi la watu watano, gesi inashinda, na hapo ninakushauri ubebe gesi. Jiko la kopo ni la mtu mmoja au wawili, siku tatu hadi tano.

Upepo

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Moto wa spiriti hauna msukumo. Upepo mdogo unaotikisa majani ya mgomba unatosha kuupeperusha utoke chini ya sufuria. Jiko bila kikinga linaweza kumaliza spiriti yote na maji yakabaki ya kuogea. Nimeona watu wakibadilisha jiko baada ya jiko, wakiongeza matundu na kupunguza, wakati kilichokosekana ni kipande cha alumini.

Kikinga unakitoa kwenye makopo matatu ya bia ya mililita 500. Kata vichwa na vitako kwa mkasi, pasua tumbo, na utapata karatasi tatu za alumini. Kingo zake zikunje milimita 5 ndani ili zisikukate. Ziunganishe kwa vibanio vya karatasi, uzungushe jiko na sufuria. Kati ya kikinga na sufuria pawe na nafasi ya sentimita moja hadi moja na nusu, na kimo chake kifike karibu na ukingo wa sufuria. Chini, upande usiopigwa na upepo, toboa matundu mapana ya kuingiza hewa. Kikinga kisichopumua huzima moto kama kifuniko. Bado tafuta jiwe kubwa au kisiki cha kujikinga nyuma yake. Na kikinga cha namna hii kisitumike kuzunguka jiko la gesi lenye mtungi chini yake, kwa maana mtungi utapata joto na unaweza kulipuka.

Kopo la soda

Wengi watakuuliza kuhusu lile jiko la makopo mawili ya soda, linalotoa vimoto vidogo kama ua. Ni zuri kutazama, na uzito wake haufiki nusu ya hili. Hutengenezwa kwa vitako viwili vya makopo ya alumini ya mililita 330. Kitako cha juu toboa kwanza matundu 16 kwa pini kwenye ukingo, ondoa bakuli la katikati kwa wembe, ndipo ukikate kimo cha milimita 27. Cha chini kikate milimita 32. Kutoka tumbo la kopo kata ukanda wa kimo cha milimita 37 hivi, uviringishe uingie kwenye mfereji wa kitako, na chini yake ukate pembe tatu ndogo za kupitisha spiriti. Panua kitako cha chini kwa kukisukumia kopo la soda lililojaa, kisha ingiza cha juu ndani yake, ukuta wa ndani ukiwa katikati. Litahitaji kishikilia sufuria, sentimita 3 hivi juu ya moto. Spoku za baiskeli zilizokunjwa hufaa.

Mimi nachagua kopo la jodari. La soda likikanyagwa limekwisha, na sufuria juu ya spoku huyumba. Jiko linalobeba maji ya moto karibu na miguu ya watu linapaswa kusimama imara.

Cha kupika

Ugali sahau. Unataka moto mkali na mkono wenye nguvu, na jiko hili halivumilii kusongwa. Maharage makavu usiyafikirie. Vinavyofaa ni vile vinavyoiva kwa maji yaliyochemka: chai, uji wa unga uliokaangwa nyumbani, tambi, shayiri, dagaa waliokaushwa na nyanya ya kopo. Wali unawezekana kwa ujanja wa kikapu cha kuhifadhi joto, ambao akina mama wengi wa Kenya wanaujua. Loweka mchele nusu saa, uchemshe dakika mbili tatu mpaka spiriti iishe, kisha funga sufuria na kifuniko chake ndani ya sweta au mfuko wa kulalia na uache dakika 25. Utaiva bila tone jingine la spiriti.

Mlimani hesabu hubadilika. Maji hupungukiwa karibu nyuzi moja ya kuchemka kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 84 hivi, na mchele utachelewa. Baridi nayo huifanya spiriti igome kutoa mvuke. Iweke chupa iliyofungwa vizuri ndani ya koti saa moja kabla ya kupika, weka kipande cha ubao chini ya bati ili ardhi isinyonye joto, na uongeze subira ya vipovu.

Hatari zake

Ajali kubwa ya majiko haya ni ya kuongeza spiriti likiwa linawaka, au mtu anapodhani limezimika. Moto hurukia mkondo unaomiminika, huingia chupani, na chupa hutema moto kwa aliyeketi mbele. Hakuna chai inayostahili hilo. Limezimika? Lifunike kwa kopo kubwa, hesabu dakika tano, liguse kwa nyuma ya vidole. Likiwa baridi ndipo uongeze, tena kwa kikombe cha kipimo, chupa ikibaki imefungwa mbali.

Usiwashe ndani ya hema. Kitambaa cha hema huyeyuka kwa sekunde chache, na hewa ya kaboni monoksidi haina harufu. Fyeka nyasi kavu mita moja kuzunguka, na uwe na lita ya maji karibu. Oktoba 2020 vichaka vya Kilimanjaro viliungua kwa siku kadhaa. Mimea ya ukanda ule ikikauka hushika kwa cheche. Uliza langoni jiko gani linaruhusiwa kabla hujapanda. Katika maeneo mengi ya magharibi mwa Marekani majiko ya spiriti hupigwa marufuku msimu wa kiangazi, huku ya gesi yakiruhusiwa, kwa sababu ile ile ya kukosa swichi.

Ukiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala ute wa yai, wala asali. Kwenye ndege spiriti hairuhusiwi kabisa, iwe begi la mkononi au la kupakia. Nunua ufikako, na jiko lenyewe liwe limeoshwa na kukauka.

Wiki moja kabla ya safari, pika mlo mzima uani, kwa jiko hilo, sufuria hiyo, kikinga hicho na spiriti ya chupa ile ile. Anza na mililita 20 kwa nusu lita. Maji yakishindwa kuchemka, rudia na maji mapya kwa 25. Yakichemka na moto ukaendelea kwa muda mrefu, shuka hadi 17. Kiasi utakachokipata kiandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa, chini ya neno SUMU.